Tududu Kwenye Banda la Kobe

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ndiyo harufu ya nyumbani kwetu, mji wa Baraka. Mgeni akiinusa huziba pua, sisi tunasema chakula kiko njiani. Ni harufu chachu na nzito, hukaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye begi la shule, na kwetu ilitoka kwenye pipa la bati lililosimama nyuma ya nyumba, chini ya upenu, kati ya ukuta na ua wa matete. Mama aliloweka mihogo humo mpaka ikalainika, akaitoa, akaichambua nyuzi, akaianika juani, na maji yake yaliyochacha akayamwaga palepale ukutani bila kutazama yanakoelekea. Nilikuwa nikiyasikia yakimwagika, chwaa, na sikuyawazia lolote. Nilikuwa na mambo yangu ya kuwaza, tena mengi, maana wengine huzaliwa na alama mgongoni, mimi nilizaliwa na tumbo joto. Mpaka leo simu ikilia asubuhi mapema nasema "Ee Mungu" kabla ya kusema "alo".

Na si kwamba wasiwasi wangu haukuwa na sababu. Tulikuwa wageni kwetu wenyewe. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia vita, na huko ndiko nilikoanza shule. Tuliporudi kwetu wilaya ya Fizi, hapa Baraka, watoto wa mtaani waliniita Mutanzania kwa sababu nilisema "watoto" pale wao waliposema "batoto", na kila nilipofungua kinywa walinikatisha kwa vicheko. Mama hakupata taabu hiyo. Yeye ni wa kijiji cha Mboko, alikua akiuza samaki kando ya barabara, na ulimi wake ulifika nyumbani kabla ya mizigo yetu. Kambini alikuwa akisema kama walimu wetu; Baraka, hata hatujamaliza kukandika nyumba, alikuwa ameshazirudia "mi" na "we" na "iko" za utotoni mwake. Baba ndiye aliyekuwa mkaidi. Kiswahili cha Tanzania alikipenda, alikisikiliza redioni, na alikivaa kila siku kama shati la Jumapili. Mama alimcheka akimwita "bwana wa habari", naye baba akaongeza maneno makubwa zaidi ili amchokoze.

Basi baba akaenda Misisi kuchimba dhahabu. Shamba letu lilikuwa bado changa, nyavu hakuwa nazo, na wanaume wa rika lake walikuwa wakipanda pikipiki kuelekea milimani, naye akapanda. Misisi sikuwa nimefika, lakini nilikuwa nimeisikia vya kutosha kunikosesha raha: mashimo yenye kina kinachozidi urefu wa mchikichi, kamba za kushukia, udongo unaoporomoka mvua ikinyesha. Watu huingia ardhini kwa miguu yao, na si wote wanaotoka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, mama alisimama na mkono juu ya tumbo, kwa kuwa alikuwa na mimba, na mimi nilisimama nyuma yake. Pikipiki ikipita, tulikaa.

Siku moja pikipiki haikupita. Ilisimama, na moyo wangu nao ulitaka kusimama. Dereva, mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, alifungua gunia, akatoa kitu kama sufuria iliyopinduliwa, akakiweka chini. "Baba Sifa anasalimia," alisema. "Amesema hii kobe ni ya Sifa. Aichunge muzuri mupaka yeye atarudia." Sifa ndiye mimi. Mama alishusha pumzi, akacheka, akauliza kama bwana yake amepata wazimu, kutuma kobe badala ya unga. Mimi sikucheka. Niliyapokea maneno yale kama yalivyo: nimchunge mpaka atakaporudi. Kwa hiyo, nikawaza, kobe akiwepo, baba atarudi. Na kobe asipokuwepo? Hapo nilijaribu kuacha kuwaza, lakini nani amewahi kukikataza kichwa chake? Hakuna aliyeniambia habari hiyo. Nilijitungia mwenyewe, nikajifunga nayo mkono na mguu.

Nilimtengenezea banda chini ya upenu, karibu na lile pipa, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Mama alinisaidia kusimamisha mabanzi, tukafunika juu kwa wavu mkuukuu wa kuvulia ndagala, yaani dagaa, ili mbwa wasimsumbue. Alikuwa kobe wa porini, mkubwa kiasi cha sahani ya kulia, gamba lake la rangi ya chai na madoa meusi. Alikula majani ya matembele, lengalenga, na papai lililoiva, na alipokula papai alipaka uso wote kama mtoto. Nilikuwa nakwenda kumtazama kabla ya shule na baada ya shule, na wakati wa shule nilimtazama kichwani. Wenzangu waliorudi kutoka kambini waliimba ule utani wa huko, usimwone kobe kainama, anatunga sheria, na mimi nilijibu kwamba wangu hatungi sheria, anasubiri mtu. Walicheka sana. Haya, wacheke, baba zao walikuwa ziwani, wanarudi kila asubuhi.

Alimasi, mdogo wangu, alizaliwa wakati wa mvua, na tududu walikuja pamoja naye. Kwa Kiswahili cha shule ningesema vijidudu, lakini nikisema hivyo siwaoni. Kwa kinywa cha mama walikuwa tududu, na ndivyo walivyokuwa, wadogo kuliko punje ya ulezi, weusi, wenye mbawa. Ukiugusa wavu, wote waliruka pamoja kama moshi, kisha wakatua tena palepale. Walikaa kwenye udongo, kwenye maganda ya papai, na kilichoniumiza zaidi, walikaa pembeni mwa macho ya kobe wakinywa unyevu wake, naye akafumba macho taratibu kama mzee asiye na nguvu ya kubishana. Mwanzoni walikuwa wachache. Halafu wakaingia jikoni, wakazunguka bakuli la uji. Halafu siku moja mama alimfunua Alimasi kitenge usoni, na kadudu kamoja kalikuwa kanatembea kwenye mdomo wa mtoto.

Lazima nieleze kwa nini mama alipiga ukelele ule. Kambini nilikuwa na kaka mdogo, aliyenifuata mimi, na alikufa kwa kuhara kabla hajajua kutembea. Mama alikuwa hamtaji. Lakini tangu siku ile inzi akitua kwenye chakula, mama alikimwaga chakula chote, hata kama hatukuwa na kingine. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na wakati wa mvua Baraka kipindupindu hakikuwa hadithi. Watu wa afya walikuwa wakipita mtaani na kipaza sauti wakisema funikeni chakula, chomeni takataka, inzi ndiye anayebeba ugonjwa. Mama aliwasikiliza akiwa amemkumbatia Alimasi, halafu akageuka akalitazama banda langu. Jamani, hakuna jicho lililowahi kuniogopesha kama lile.

"Sifa," aliniambia, "mi sina ubaya na kobe yako. Lakini hii mutoto sitamupoteza juu ya kobe. Tududu tutoke, ao kobe itoke."

Nikaanza vita. Niliondoa kila jani lililobaki na kila ganda. Hawakutoka. Nilichukua majivu ya jikoni nikayamwaga bandani kote, kwa kuwa mama aliweka majivu chooni kufukuza inzi, na majivu yakageuka tope la kijivu, kobe akapiga chafya na macho yakamvimba, nikalia nikidhani nimempofusha. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu siku mbili tatu mpaka akafumbua. Niliweka ganda la ndizi ndani ya chupa ili tududu waingie humo, nao wakaingia wengi kweli, chupa ikawa nyeusi, na nje wakabaki wale wale. Nilibadilisha udongo, nikaleta mchanga mkavu kutoka ufukweni kwa beseni, na kesho yake mchanga ulikuwa umelowa kwa chini na wao wako juu yake wanacheza. Nilishangaa udongo ule ulipata wapi maji wakati upenu ulikuwa umeukinga na mvua. Nilishangaa tu, sikutafuta; hofu hukimbia huku na huku, haikai chini kutafuta. Mama Riziki, jirani yetu aliyekimbia kutoka Burundi, aliyekaanga maandazi mlangoni pake, alisema kuna dawa ya kupuliza sokoni, inaua kila kitu. "Kila kitu," mama alirudia, "na mutoto pia?" Habari ya dawa ikaisha hapo.

Hapo ndipo mama alipoamua tumuulize baba, kwa vile kobe alikuwa wa kwake. Simu ya mtaa ilikuwa ya Mama Riziki. Misisi mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Baba alipanda kilima fulani siku za Jumapili, na sisi baada ya ibada tulikaa kwenye ngazi za Mama Riziki, harufu ya mafuta ya mawese ikituzunguka, tukiitazama simu kama chungu kinachokaribia kuchemka. Ililia. Mama aliinyakua. Kwanza alilia machozi, halafu akasema mtoto anaendelea vizuri, halafu, kwa kuwa sauti ilikuwa inakatika, akaanza kupiga kelele mtaa mzima usikie.

"Baba Sifa! Kobe! Kobe iko na tududu mingi! Banaingia mpaka mu kinywa ya mutoto! Tumufanye je?"

Nilikuwa nimebana sikio langu upande wa pili wa simu. Nilisikia upepo, nikasikia mlio kama mtu anayepasua karatasi, kisha sauti ya baba kwa mbali, ile ile ya shati la Jumapili: "Mfu... zeni! Mfu... zeni kobe!"

"Tumufukuze?" mama aliuliza.

"Ndiyo! Ndiyo, mama! Leo leo!"

Ikakatika. Mama alimrudishia Mama Riziki simu yake. Alikaa kidogo akijipangusa uso kwa pembe ya kitenge. "Umesikia mwenyewe," aliniambia kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Baba yako amesema tumufukuze."

Kwa mama ile ilikuwa amri ya kuondoa wadudu. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine kabisa. Baba aliniambia nimchunge kobe mpaka arudi. Sasa baba anasema kobe aondoke. Basi harudi. Ameona huko aliko kwamba harudi, na ametuambia kwa njia yake tuache kungoja. Niliyaweka maneno hayo pamoja nikitembea nyuma ya mama kurudi nyumbani. Nilitaka kumwambia mama, nikaogopa. Nikimwambia, litakuwa kweli. Nilimuuliza tu, "Sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa?" Akanijibu, "Aka! Ilikuwa ya mutu iko juu ya kilima." Nilitaka kumwamini. Sikuweza.

Alasiri ile ile tulikwenda. Mama alimbeba Alimasi mgongoni, mimi nikabeba beseni lenye kobe kichwani, tukapita mashamba ya mihogo mpaka kwenye vichaka vya karibu na mto Mutambala, mahali ambapo watu hawalimi kwa ajili ya mafuriko. Mama alimtoa, akamweka chini kwenye majani mabichi, akachagua mahali penye kivuli; niliona alivyochagua. Kisha akarudi nyuma na kumfukuza. Ndiyo, baba alisema afukuzwe, na mama ni mtu wa kutii mpaka mwisho wa neno. Alipiga makofi. "Haya, toka! Enda! Shii!" kama anavyofukuza kuku wa jirani kwenye unga ulioanikwa.

Umewahi kumfukuza kobe? Hafukuziki. Kobe akavuta kichwa, akavuta miguu, akawa jiwe. Mama akapiga makofi zaidi, akakanyaga chini, akavunja kijiti akagonga gamba kidogo, koko, koko, na kila alivyofukuza ndivyo kobe alivyozidi kubaki. "Mama wee," alisema, na nikaona anataka kucheka na machozi yanamtoka, "hii kiumbe inafukuzwa namna gani?" Alimasi akaamka akaanza kulia. Mimi nililia pia, kwa sauti, bila haya. Mwishowe mama alinishika mkono tukaondoka sisi, haraka, yeye bila kugeuka, kana kwamba ndio sisi tuliofukuzwa. Nilipogeuka kwa siri, kobe alikuwa palepale, kichwa bado ndani.

Tududu hawakwenda naye. Asubuhi walikuwa juu ya banda tupu, wamejaa vilevile, na mama alisimama akiwatazama. Mimi nilikuwa nimekoma kula. Kwangu kila pikipiki iliyopita ilikuwa inakuja kutuambia habari ya baba. Nilijua hata maneno yatakavyokuwa; nilikuwa nimesikia yakisemwa kwa majirani wengine, huanza na "Mama, kaa kwanza chini." Halafu Alimasi akaanza kuhara. Sitaki kurefusha hapa. Mama alimkimbiza kituo cha afya akiwa hana viatu, na mimi nikakimbia nyuma na kidumu cha maji yaliyochemshwa, nikiomba kila sala niliyoijua, ya kwetu na ya Wakatoliki pia, maana sikutaka kubahatisha. Walimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, mama hakumwachia mtu mwingine kile kijiko, na kesho yake jioni Alimasi akapiga kelele za njaa. Mama akaketi sakafuni akasema asante Mungu mpaka sauti ikamkauka. Hakikuwa kipindupindu. Ni tumbo tu la mtoto, walisema.

Tuliporudi, mama aliishambulia nyumba. Alifagia, akachoma, akachemsha kila kijiko. Akang'oa mabanzi ya banda, na alipong'oa lile la mwisho, lililogusa ukuta, alipiga magoti. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa, una harufu chachu, na ndani yake vifunza vidogo vyeupe vilikuwa vinajinyonganyonga kwa mamia. Aliufuata unyevu kwa kidole. Ulitoka kwenye pipa. Maji ya mihogo, yale aliyoyamwaga ukutani siku zote, yalikuwa yanapita chini ya mabanzi na kutuama pale. Tududu hawakuwa wa kobe hata kidogo. Kobe alikuwa mpangaji mwenzao tu. Mama alibaki amepiga magoti. "Ni mimi nilikuwa nabafuga," alisema. Siku ile ile tulilivingirisha pipa mpaka mwisho wa kiwanja, tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba, tukaupindua udongo ukakauka juani. Hazikupita siku nyingi, tududu wakaisha wenyewe, asibaki hata mmoja.

Na baba akarudi. Hakukuwa na pikipiki iliyopunguza mwendo. Lori la mbao lilimshusha barabara kuu akaja kwa miguu, mwembamba, mwenye ndevu, na mimi niliyekuwa nateka maji sikumtambua mpaka aliponiita kwa jina. Niliangusha ndoo. Nilimshika kiuno nikamnusa, vumbi na jasho na tumbaku ya watu wengine, nikamminya kuona kama yupo kweli. Mama alitoka mlangoni akarudi ndani, akatoka tena. Alimpa mtoto, na baba akamtazama Alimasi kwa muda mrefu kama mtu anayesoma. Alipokaa, akafungua mfuko wake, akatoa furushi la majani makavu lililofungwa kwa kamba. Harufu yake ilikuwa kali, kama mkaratusi na kitu kingine.

"Nimewaletea haya ya kuongezea," alisema. "Tunayachoma kwenye vibanda vyetu huko machimboni, mdudu hakai. Kobe yuko wapi, Sifa? Mlimfukiza?"

"Tulimufukuza," mama alisema.

"Ndiyo, vizuri. Mlimfukiza kwa majani gani?"

"Aka, Baba Sifa." Mama alisimama. "Hatukutia majani. Tulimu-fu-ku-za. Haiko hapa tena. We ulisema mu simu!"

"Nilisema mfukizeni! Moshi! Mumtoe kando, mfukize banda lake!"

Herufi moja, jamani. Fukiza na fukuza. Baba alisema neno lake la redioni. Kwa mama, aliyekuwa amekwisha kurudi kwenye Kiswahili cha kwao, moshi ulikuwa wa "kuwashwa", na neno linaloanza na fu lililotumika kutwa nzima mtaani lilikuwa lile la kuku na mbuzi. Baba alipojibu ndiyo, alidhani mama ameshamwelewa. Mama alijishika kichwa. Alianza kucheka, akacheka mpaka akainama, kisha nikaona si kicheko tena. "Si rezo ilikosa," alisema, akimaanisha mtandao. "Ni mi nilikuwa nataka kusikia vile. Nilikuwa naogopa."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, na furaha ya kumwona baba ilikuwa imechanganyika na hasira iliyonishangaza. Nilikuwa nimemlilia mtu hai. Nikamuuliza, "Si uliniambia nimchunge mpaka utakaporudi? Hayupo, na wewe umerudi!" Sikujua hata ninachomlaumu. Baba alinivuta karibu. Aliniambia alimwona kobe akivuka barabara, akanikumbuka, na maneno yale aliyasema tu ili niwe na kitu cha kufanya, nisikae nalia. Aliyasema kwa huruma. Hakujua nilivyoyageuza kamba na kujifunga nayo shingoni, na siku ile sikuweza kumweleza.

Kesho yake mama alimfunga Alimasi mgongoni kabla jua halijawaka, akaniambia twende. Tulipasaka pale kichakani mpaka mchana. Mama, ambaye alikuwa hampendi, alikuwa anainama chini ya kila mti akiita, "Kobe! Kobe weee! Rudia nyumbani!" kana kwamba kobe ana masikio ya kusikiliza mtu aliyempigia makofi. Wanawake wa mashambani walitutazama wakadhani tumepoteza mtoto. Hatukumpata. Tuliporudi, baba alikuwa amesimama pale lilipokuwa banda. Alikuwa ameyarundika majani yake chini akayawasha, moshi mweupe unapanda taratibu mahali pasipo na mdudu wala kobe. Mama hakumuuliza kwa nini. Baba alikuwa ameyabeba majani yale kutoka mbali.

Siku hizi simu ziko mikononi mwa kila mtu Baraka. Mume wangu ni dereva wa lori la samaki, anakwenda Uvira, anakwenda Kalemie, na ananitumia sauti iliyorekodiwa ninayoweza kuirudia nikitaka. Mama yangu bado hakubali. Akipigiwa simu, hata na mimi, humfanya mtu arudie neno lake, halafu yeye anamrudishia kwa njia nyingine, halafu anauliza, "Ni vile umesema?" Wajukuu wanamwigiza wanacheka. Mimi sicheki. Barabara ni mbovu vilevile, mashimo ya Misisi hayajafunikwa, na wake wa mtaani bado husimama pikipiki ikipunguza mwendo. Tumeongeza njia za kupata habari, hofu hatukuipunguza. Nani anijibu ni ipi bora, kungoja bila kusikia au kusikia kila saa na bado kungoja?

Mwezi uliopita mume wangu alikuwa anafunga turubai la lori, na binti yetu, ambaye sasa ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, akamuuliza atarudi lini. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, kila mtu alijua. Nikamwona anatafuta neno tamu. Ni baba mwema, ana maneno matamu mengi. Nikamkatiza kabla hajafungua kinywa. "Mwambie hujui," nilisema, kwa ukali kuliko nilivyotaka. Alinitazama, akamtazama mtoto. "Sijui, mama," alimwambia. "Nitajaribu upesi, lakini sijui." Mtoto alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, baba," akakimbia kwenda kuruka kamba na wenzake, na mimi nikabaki nimeushika mlango wa lori, nikimtazama anavyoruka.